Pudini ya Kokoa na Matunda Bila Yai Hata Moja: Mwongozo kwa Wabishi wa Jikoni

Wako watu ambao ukiwaambia pudini yako haina yai wanakutazama kwa huruma na kukuuliza kama kuku wote wa mtaani wamekufa. Mwongozo huu ni wao. Ni wako pia wewe unayependa kitu kitamu baada ya pilau, una sufuria, mwiko na lita ya maziwa, lakini hujui pa kuanzia. Nitakushika mkono hatua kwa hatua. Mahali nitakapokukaripia, vumilia: chakula hiki nakipenda, na sitaki kiharibikie mikononi mwako.

Dai langu ni moja, na nitalitetea mpaka sufuria ioshwe. Pudini isiyo na yai haipungukiwi na kitu. Kazi ya kuyafanya maziwa yawe mazito na kushikana inafanywa na wanga, na wanga ukipewa haki yake hauhitaji msaidizi. Juu ya hapo, pudini hii ina ukarimu ambao ile ya mayai haina: unaweza kumwekea bakuli kila aliyeketi mezani kwako, bila kumruka mtu.

Kwanza tumalizane na ubishi

Mbishi wa kwanza atasema kwamba kutotia yai ni ubahili. Mwambie habari za Alfred Bird, mwuza dawa wa mjini Birmingham, Uingereza. Mke wake, Elizabeth, alikuwa hawezi kula mayai kwa sababu yalimdhuru, na kastadi ya siku hizo ilipikwa kwa mayai. Mwaka 1837 Bird akatengeneza unga wa kastadi uliotegemea wanga wa mahindi badala ya yai, ili mkewe naye ale. Ule unga wa njano unaoukuta leo dukani kwa Mangi, ambao nyumba nyingi huukoroga mwezi wa Ramadhani na kuukatia matunda, ni wa ukoo huo huo. Kwa hiyo anayekejeli pudini isiyo na yai na huku anajipakulia kastadi ya unga bakuli la pili, mwache amalize kwanza, kisha mweleze alichokula.

Mbishi wa pili atasema ni mambo ya kigeni. Huyo naye mwulize faluda ya mwambao hugandishwa kwa nini. Hugandishwa kwa kitu kinachotokana na mwani, na hunukia iliki, na yai halikualikwa. Sagu ya maziwa je? Mwambao umekula vitamu visivyo na yai kwa vizazi na vizazi, na hakuna aliyeinuka mkekani akilalamika.

Mbishi wa tatu hana hoja, anasimama mlangoni tu. Kila ukoo una wake. Mara nyingi ni shangazi, na mazungumzo huwa hivi:

“Mwanangu, mayai yako wapi?”

“Hayaingii, shangazi.”

“Basi huo ni uji.”

“Karibu uuonje ukipoa, shangazi.”

Usibishane naye zaidi ya hapo. Mheshimu, mpe kiti, endelea kukoroga.

Sasa fikiri ni nani hasa wanaobaki bila bakuli pale yai linapokuwa sharti. Kuna mtoto ambaye yai humtoa vipele na kumvimbisha midomo; mzio wa mayai ni miongoni mwa mizio ya chakula inayowapata watoto wadogo zaidi, na mtoto huyo kwenye sherehe huwa anashikilia soda tu huku wenzake wakila. Kuna majirani zetu Wajaini, na Wahindu wengi pia, wa Kisutu na Upanga, Mombasa na Parklands, ambao dini yao au desturi ya nyumbani kwao haiwaruhusu kula yai. Na kuna mwenye nyumba ambaye leo trei imekwisha na kesho ni mbali. Wote hao ni watu wako. Pudini hii inawakusanya.

Vitu vya kuandaa

Kipimo hiki kinatosha watu wanane wenye adabu, au wanne wasio nayo. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250.

- Maziwa freshi lita 1
- Konflawa vijiko vya chakula 6, vilivyosawazishwa kwa kisu
- Unga wa kokoa usio na sukari, nusu kikombe
- Sukari robo tatu ya kikombe
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Chokoleti nyeusi gramu 100, imekatwakatwa
- Siagi kijiko 1 cha chakula
- Vanila kijiko 1 cha chai
- Matunda yaliyokatwa vikombe 3. Mjadala wake unakuja, na ni mrefu

Ukikosa chokoleti ya kipande, usikate tamaa. Ongeza vijiko viwili vya unga wa kokoa na nusu kijiko cha siagi. Itakuwa nyepesi kidogo ulimini, lakini bado ni pudini halali.

Sasa nisikilize kuhusu konflawa, kwa maana hapa ndipo safari nyingi zinapoishia. Konflawa si unga wa sembe. Si dona pia, hata kama zote zimetoka kwenye hindi. Sembe ni punje iliyosagwa pamoja na protini zake na vipande vyake; konflawa ni wanga mtupu uliotenganishwa na kuoshwa, mweupe, laini, na ukiubinya kati ya vidole hulia kama mchanga mkavu. Ukitia sembe, shangazi wa mlangoni atakuwa amesema kweli: utakuwa umepika uji wa kokoa. Unga wa ngano unafaa kwa dharura, lakini utahitaji karibu mara mbili ya kipimo na muda mrefu zaidi motoni ili harufu ya ubichi iishe. Wanga wa muhogo nao unakaza, ila pudini yake huvutika na kunata. Wapo wanaoipenda hivyo, nami siwazuii.

Kuhusu kokoa, soma kibandiko cha kopo. Chokoleti ya kunywa ina sukari nyingi na kokoa kidogo, na ukiitumia utapata pudini yenye rangi ya chai ya maziwa na utamu wa kuumiza meno. Unachotafuta ni kopo ambalo kwenye orodha ya viambato limeandikwa kokoa, basi. Unga huo tunao kwa sababu ya ufundi wa Uholanzi: mwaka 1828 familia ya Van Houten ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta kutoka kwenye kokoa iliyosagwa, na kile kinachobaki baada ya kukamuliwa ndicho kinachosagwa kuwa unga.

Lakini tunda lenyewe si geni kwetu. Wengi wanaijua Kyela kwa mchele wake; wachache wanajua kwamba wilaya hiyo iliyo ukingoni mwa Ziwa Nyasa ndiyo nyumba kubwa ya kokoa ya Tanzania. Bundibugyo nchini Uganda wanailima, na Beni upande wa mashariki ya Kongo pia. Mkulima hupasua tunda, huzitoa mbegu zikiwa zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utamutamu, huzivundika kwa siku kadhaa chini ya majani ya mgomba, kisha huzianika juani. Ladha ya chokoleti huanza katika kuvundikwa huko. Mbegu isiyovundikwa ni chungu na haina harufu ya maana. Kwa hiyo unapofungua kopo lako, jua kwamba nusu ya upishi imeshafanywa na mtu aliyeinama shambani. Usimwangushe.

Hatua ya kwanza: kavu na kavu

Weka sufuria mezani, mbali na jiko. Chekecha ndani yake konflawa, kokoa, sukari na chumvi. Chekecho la chai linatosha. Usiruke hatua hii kwa kisingizio kwamba wageni wako njiani. Kokoa ina mafuta, na mafuta huyakimbia maji. Ikiangukia kwenye maziwa ikiwa na mabonge, yale mabonge huvaa koti la unyevu kwa nje na kubaki makavu ndani, na utayakuta bakulini. Ikishachanganyika na sukari, punje za kokoa hutengana na kuwa tayari kulowa.

Chumvi usiiache. Ni kidogo, lakini ndiyo inayopunguza makali ya uchungu wa kokoa na kuuinua utamu. Pudini isiyo na chumvi huwa tamu tu, na utamu mtupu huchosha kijiko cha tatu.

Hatua ya pili: maziwa ya baridi

Pima kikombe kimoja cha maziwa ya baridi kutoka kwenye ile lita. Mimina kidogo kidogo juu ya ule mchanganyiko mkavu huku ukikoroga kwa mchapo au uma, mpaka upate rojo jeusi linalong’aa. Pitisha mwiko pembeni mwa kitako cha sufuria, kule kwenye kona anakojificha adui.

Neno la msingi ni baridi. Wanga ukikutana na maziwa ya moto moja kwa moja, punje za nje huvimba na kunata kabla za ndani hazijalowa. Bonge likishazaliwa hivyo, hata ukorogaji wa hasira hautalivunja. Ikikutokea, kuna suluhisho la heshima: pitisha kila kitu kwenye chujio, ukandamize kwa mgongo wa kijiko, uendelee. Hakuna anayelazimika kujua.

Hatua ya tatu: moto, na uvumilivu

Chemsha yale maziwa yaliyobaki kwenye sufuria nyingine mpaka yatoe mvuke na vipovu viduchu pembeni. Yamimine polepole kwenye rojo huku ukikoroga. Sasa pandisha sufuria jikoni kwa moto wa wastani. Kama unatumia mkaa, punguza makaa mawili matatu au yafunike kwa majivu. Jiko la mkaa halina kitasa cha kugeuza, na kitako cha pudini huungua kabla hujasikia harufu.

Kuanzia hapa mkono wako ni mali ya sufuria. Simu ikilia, ilie. Mtu akibisha hodi, ajibiwe na mwingine. Koroga kwa mwiko wa mbao wenye ncha bapa, ukikwangua kitako chote, katikati na pembeni. Kokoa ni nzito, huzama. Viwanda vinavyotengeneza maziwa ya chokoleti huizuia isizame kwa kareginani, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa jamii ile wanayolima akina mama wa Paje na Jambiani. Wewe huna kareginani; una mkono.

Angalia kinachotokea, maana ni kizuri. Kwa dakika kadhaa hakuna kitu. Maziwa ya kahawia yanazunguka, na mbishi aliye ndani yako anaanza kunong’ona kwamba afadhali ungetia yai. Kisha, joto likipita nyuzi 62 hivi, punje za wanga zinaanza kunywa maji na kuvimba. Kwanza mwiko unahisi uzito kidogo. Mistari unayoiacha kwenye kitako inaanza kuchelewa kufutika. Povu la juu linatoweka na uso unang’aa. Ghafla, ndani ya nusu dakika, sufuria nzima inakuwa nzito.

Hapo ndipo mwenye haraka huipua, na hapo ndipo hukosea. Wanga ulioishia njiani una ladha ya chaki, na pudini yake haitashika ikipoa. Subiri mpaka pudini yenyewe itoe mapovu mazito yanayopasuka katikati kwa mlio wa “pwo, pwo”. Ukiyaona hayo, punguza moto na uendelee kukoroga kwa dakika moja hadi mbili. Mwenye pupa hadiriki kula tamu; wahenga wetu walijua wanga kabla ya maabara.

Usizidishe pia. Kuchemsha kwa muda mrefu na kukoroga kwa nguvu huzipasua punje zilizovimba, na pudini iliyokuwa nzito hulegea tena. Ipime hivi: chovya mwiko, uuinue, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia uliyoichora ikibaki wazi bila kufunikwa, ipua.

Hatua ya nne: kuipua na kuipoza

Nje ya moto, tia chokoleti iliyokatwa na siagi, uache kwa muda wa pumzi chache, kisha koroga taratibu mpaka viyeyuke. Tia vanila mwisho, kwa sababu harufu yake huruka na mvuke. Ukipenda, ongeza iliki iliyosagwa, robo kijiko cha chai tu. Iliki na kokoa wanaelewana vizuri, ila iliki ikizidi huongea peke yake.

Mimina kwenye bakuli. Funika kwa karatasi ya nailoni ya chakula au sahani, lakini karatasi iguse uso wa pudini, vinginevyo hewa itaukausha na kuufanyia ngozi. Wapo wanaoigombania ngozi hiyo. Kama uko nao nyumbani, acha bakuli moja wazi kwa ajili yao, amani iwepo.

Iache ipoe kidogo, kisha iweke kwenye friji kwa muda wa saa tatu. Umeme ukikatika, au kama friji huna, weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi na ubadilishe maji yanapopata joto. Itashika vya kutosha kuliwa kwa kijiko, ila iliwe mara tu ikishashika. Kumbuka ni chakula cha maziwa. Kwenye joto la Dar au Mombasa isikae nje zaidi ya muda wa saa mbili.

Ikishaanza kushika, usiikoroge tena kutazama imefikia wapi. Inaposhika, molekuli za wanga zinashikana mikono na kufunga maji katikati yao. Kila unapochokoa, unaziachanisha. Na usiigandishe kwenye friza ukidhani utaiokoa kwa wiki ijayo: ikiyeyuka itatoa maji na kubaki na chengachenga.

Sheria ya kijiko kimoja

Sheria hii naiandika peke yake ili isisemekane sikuisema. Kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye sufuria. Mate yana kimeng’enya kinachoitwa amilasi, ambacho kazi yake ni kuvunja wanga, na hakichagui kuvunjia mdomoni au bakulini. Pudini iliyoshika vizuri jioni na kukutwa na dimbwi la maji asubuhi mara nyingi ilitembelewa usiku na mtu mwenye kijiko. Huna haja ya kuitisha kikao cha familia. Tazama tu ni bakuli gani limelegea. Asali mbichi nayo ina vimeng’enya vya aina hiyo, kwa hiyo ukitaka utamu wa asali, uinyunyizie juu wakati wa kula, usiichanganye ndani.

Matunda: nani anaingia, nani anasubiri nje

Matunda hayatiwi kwenye sufuria iliyo motoni. Yana maji na mengine yana ukali, na vyote viwili huudhoofisha wanga ukiwa unapikwa. Panga pudini iliyopoa na matunda kwa tabaka: pudini, matunda, pudini, matunda. Glasi za kuona ndani hupendeza zaidi, na hakuna haja ya kununua mpya. Zile za maji ya kunywa zinatosha.

Ndizi mbivu ndiyo ya kwanza, na ina haki hiyo tangu shambani. Mkokoa mchanga hauvumilii jua kali, kwa hiyo wakulima huupanda chini ya kivuli cha migomba, na Kyela utaikuta mimea hiyo miwili ikiishi pamoja. Tumia kisukari au ndizi nyingine ya kuliwa mbivu. Mzuzu uache kwa ajili ya kukaanga. Ikate mwisho kabisa na uipake matone ya ndimu isigeuke nyeusi.

Embe linafaa likiwa bivu lakini bado limekaza. Dodo lina nyama nyingi na ni rahisi kukata vipande vya mraba. Boribo lina harufu inayofika sebuleni kabla ya bakuli. Embe lenye nyuzi nyingi lisage, ulichuje, ulimimine juu kama mchuzi.

Chungwa na kokoa ni marafiki wa siku nyingi. Kwaruza ganda la juu la chungwa, ile sehemu ya rangi tu bila weupe wa chini ambao ni mchungu, utie kijiko kimoja cha chai kwenye pudini wakati unaipua. Kisha nyama ya chungwa, iliyotolewa ngozi na mbegu, iweke juu. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, huna kisingizio.

Pasheni usiiweke tabaka la ndani. Ukali wake huilegeza pudini ikikaa. Mwagia juu wakati wa kuandaa, na mbegu zake, kijiko kimoja kwa kila bakuli. Uchachu ule unaukata uzito wa chokoleti na kukufanya utake kijiko kingine.

Nanasi linahitaji mahakama. Nanasi bichi lina kimeng’enya cha bromelini kinachovunja protini, na likikaa ndani ya chakula cha maziwa hukiletea uchungu. Dawa yake ni moto. Likate vipande vidogo, litie kwenye kikaango pamoja na kijiko cha sukari na punje ya karafuu, ulikaange bila mafuta mpaka maji yake yakauke na pembe za vipande ziwe na rangi ya dhahabu. Kimeng’enya kitakuwa kimekufa, utamu utakuwa umejikusanya, na nanasi la Kiwangwa lililopikwa hivyo juu ya pudini ya kokoa ndilo ninalolichagua mimi kuliko matunda yote kwenye orodha hii.

Papai ni wa kundi hilo hilo. Ndiyo maana bichi lake hutumika kulainishia nyama ngumu. Papai bivu unaweza kulitumia, lakini liweke juu wakati wa kula, lisilale ndani ya bakuli usiku kucha. Parachichi bivu, likisagwa laini na kuchanganywa na nusu ya pudini iliyopoa, huipa ulaini ambao watu huudhani ni krimu. Tikiti maji mwache aende kwenye juisi. Ni tunda jema, ila hapa atamwaga maji na kuondoka.

Kwa wasiotumia maziwa

Kama katika wageni wako yupo ambaye maziwa humsumbua tumbo, au asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, nazi ipo. Kuna nazi mbili tatu na mbuzi? Kuna. Basi kuna tui zito vikombe viwili na tui jepesi vikombe viwili, badala ya ile lita ya maziwa. Rojo la baridi lifanyie kwenye tui jepesi, tui zito litie baadaye, na siagi iache. Kila mpishi wa pwani anajua tui hukatika likichemka bila kuangaliwa. Wanga husaidia kulishika, lakini mkono usisimame. Hakikisha pia chokoleti yako nyeusi haina maziwa, kibandiko kitakuambia. Pudini ya nazi na nanasi lililokaangwa haina haja ya kuombewa radhi mbele ya mtu yeyote.

Ikienda kombo

Imekuwa nyepesi hata baada ya kupoa? Yaelekea hukuifikisha kwenye mapovu mazito. Irudishe kwenye sufuria, koroga kijiko kimoja cha konflawa kwa maziwa ya baridi kidogo, uitie, uchemshe kwa dakika moja. Haitakuwa laini kama ya mara ya kwanza, lakini italiwa.

Imekuwa ngumu mno, kijiko kinasimama? Ipige kwa mchapo na maziwa kidogo ya baridi mpaka ilainike, uite krimu ya kokoa, uimimine juu ya matunda. Kama unataka makusudi iwe ngumu ya kupinduliwa kwenye sahani na kukatwa vipande, ongeza konflawa ifike vijiko tisa na upake bakuli maji baridi kabla ya kumimina.

Imeungua kitako? Usikwangue. Hamisha ya juu kwenye bakuli jingine haraka, uionje kwa kijiko safi. Ikiwa harufu ya moshi haijapanda, endelea na safari. Ikiwa imepanda, hakuna vanila duniani itakayoificha.

Kuandaa

Nyunyizia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, au nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu mpaka iwe kahawia. Kwanza, hata hivyo, uliza kama yupo mwenye mzio wa karanga. Ni swali la sekunde tano, na ni sehemu ya mapishi sawasawa na kuchekecha kokoa. Mtu anayealika watu kula anapaswa kujua ni nani asiyekula nini kabla hajawasha jiko, si baada ya mgeni kukaa kimya na kijiko mkononi.

Ukishaiweza, mpe mtoto wa nyumbani mwiko naye ajifunze, wewe ukishikilia sufuria isiteleze. Ni pudini nzuri ya kuanzia upishi: viambato vyake ni vichache, makosa yake mengi yanarekebishika, na hakuna yai bichi la kuhofia anapolamba mwiko mwishoni. Mfundishe kulowesha wanga kwa baridi, kungoja mapovu, na kuuliza wageni kabla ya kupika. Mpishi wa umri wowote anayeyajua hayo ataweza kumlisha yeyote atakayepiga hodi.